Jaribio bila daftari hupotea bila habari

Kila mwaka inapokaribia tarehe 8 Agosti, wakulima wa Arusha, Meru na mikoa jirani humiminika kwenye viwanja vya Themi, Njiro, kuangalia maonyesho ya Nane Nane. Hukuta vitalu vya mahindi yaliyobeba vizuri, nyanya zilizojaa kwenye mashina na kabichi za kupendeza macho. Pembeni ya kitalu husimama kibao chenye jina la mbegu, mbolea au dawa, na kijana mwenye fulana ya kampuni akieleza kwamba "utafiti umethibitisha".

Mkulima wa Poli au Ngarenanyuki hutoka pale na vipeperushi mkononi na uamuzi kichwani. Fedha ya msimu unaokuja, mara nyingi ya mkopo wa SACCOS au ya kuuza mbuzi, itakwenda kwenye kile alichokiona. Lakini lipo swali ambalo huulizwa kwa nadra sana pale Themi: vitalu vingine viko wapi? Bidhaa hii ilijaribiwa mahali pangapi kabla ya kile kitalu kimoja kilichopendeza kuletwa mbele ya watu?

Swali hilo si la uchokozi. Ni la hesabu, na mfano mdogo unatosha kulieleza.

Tuseme mbegu mpya haina ubora wowote kuliko ile ya zamani, zinalingana kabisa. Zipandwe kwenye mashamba 10, kila shamba nusu mbegu mpya na nusu ya zamani. Kwa bahati tu ya udongo, maji na wadudu, mbegu mpya itaongoza kwenye mashamba yapatayo 5. Muuzaji akipiga picha mashamba hayo 5 na kunyamaza kuhusu yaliyobaki, hajasema uongo hata neno moja. Kila picha ni ya kweli. Hata hivyo, mkulima atakayelipa bei ya juu kwa sababu ya picha zile atakuwa amenunua bahati, siyo mbegu.

Kwa watu wanaouzunguka Mlima Meru jambo hili ni zito zaidi. Upande wa kusini na mashariki, kama Nkoaranga, Akheri na Poli, mvua ni ya kutosha na migomba hustawi. Upande wa kaskazini na magharibi, kuelekea Ngarenanyuki na Oldonyosambu, mlima huikinga mvua na nchi ni kavu. Mtu anaweza kutoka kwenye kahawa hadi kwenye vumbi kwa safari fupi ya gari. Hivyo jaribio lililofaulu Tengeru haliwezi peke yake kuwa ushahidi wa kumshawishi mkulima wa Oldonyosambu, na aliyelijaribu huko likashindwa ana wajibu wa kusema.

Tatizo hili la kuonyesha yaliyofaulu na kuficha yaliyoshindwa liliwatesa watu wa tiba kabla ya kumfikia mkulima, na dawa yake wameitafuta kwa miaka mingi. Wakulima na wafanyabiashara wadogo wana mengi ya kujifunza kutoka kwao.

Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Erick Turner, na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu dawa 12 za ugonjwa wa sonona. Walichukua majaribio 74 ambayo makampuni yaliyawasilisha kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, kisha wakayatafuta kwenye majarida ambayo madaktari husoma.

Kati ya majaribio hayo, mamlaka iliona kwamba 38 yalikuwa na matokeo mazuri. Majarida yalichapisha 37 kati yake. Majaribio 36 yaliyobaki yalikuwa mabaya au ya mashaka, na hapo ndipo mambo yalipokuwa tofauti: 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yalichapishwa kwa maneno yaliyoyafanya yaonekane yamefaulu, na 3 tu yaliandikwa kama yalivyokuwa.

Maana yake ni kwamba daktari aliyesoma majarida aliona mafanikio 94 katika kila majaribio 100. Faili la serikali lilisema mafanikio yalikuwa 51. Dawa ni zile zile na wagonjwa ni wale wale; tofauti ililetwa na kile kilichoachwa kabatini.

Turner na wenzake waliwezaje kujua? Ni kwa sababu mamlaka ile ilikuwa na kumbukumbu za majaribio yaliyokuwa yamepangwa, pamoja na kipimo ambacho kila moja liliahidi kukitumia. Palikuwa na daftari. Bila daftari, majaribio yale 22 yangepotea na hakuna mtu ambaye angejua kwamba yaliwahi kufanyika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Utafiti nao ni mali.

Tangu wakati huo mambo yamebadilika. Mwaka 2004 wahariri wa majarida makubwa ya tiba duniani walitangaza kwamba, kuanzia mwaka 2005, hawatachapisha jaribio la tiba ambalo halikuandikishwa kwenye daftari la wazi kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa. Afrika nayo ina daftari lake lililoko Cape Town, ambalo lilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, na mtafiti halipi chochote kuandikisha.

Daftari hili linaandikwa nini? Kwa lugha nyepesi, mtafiti hueleza kabla ya kuanza atamjaribu nani, wapi, watu wangapi, atalinganisha na nini, atapima kitu gani na lini, na nani analipa. Waraka mrefu unaoeleza yote hayo kwa kina ndio mpango wa utafiti, au itifaki. Daftari hubeba muhtasari wake pamoja na tarehe, na tarehe hiyo haifutiki.

Faida kubwa huonekana wanapokuja wataalamu wa kufanya mapitio. Hawa hawafanyi jaribio jipya. Kazi yao ni kukusanya majaribio yote yaliyowahi kufanywa kuhusu jambo moja, kuyapima ubora na kuyajumlisha, ili serikali na wananchi wapate jibu moja badala ya kelele za kila upande. Zamani walitegemea majarida peke yake, ambayo ni sawa na mtu kuhesabu mavuno ya kijiji kwa kutembelea ghala la mwenye bidii tu.

Sasa hupitia daftari kwa sababu kuu tatu. Kwanza, hutafuta majaribio yaliyoandikishwa lakini hayakuonekana tena, wakawaandikia wahusika kuuliza yaliishia wapi. Pili, hulinganisha kilichoahidiwa na kilichoripotiwa. Tatu, hutazama majaribio ambayo bado yanaendelea, ili wasitoe hukumu leo wakati ushahidi mkubwa uko njiani kesho. Wao wenyewe pia hutakiwa kuandikisha mpango wa mapitio yao mapema, wasije wakachagua majaribio yanayowapendeza.

Sababu ya pili ndiyo inayomgusa mkulima zaidi. Tuseme kampuni ya mbolea iliahidi kupima magunia kwa ekari. Mavuno yakawa ya kawaida, lakini ikaonekana majani yalikuwa ya kijani zaidi na mmea ulikuwa mrefu. Ripoti itakayotoka itasifu majani na urefu. Mkulima hauzi majani ya mahindi soko la Kilombero, wala hapimiwi urefu wa shina na mnunuzi wa Tengeru. Bila ahadi iliyoandikwa kabla, hakuna anayeweza kumwambia kwamba kipimo kimebadilishwa katikati ya safari.

Je, daftari husaidia kweli? Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Robert Kaplan na Veronica Irvin, walichunguza majaribio makubwa ya magonjwa ya moyo yaliyofadhiliwa na taasisi ya serikali yao. Kati ya majaribio 30 yaliyochapishwa kabla ya mwaka 2000, majaribio 17 yalionyesha faida. Baada ya mwaka huo, watafiti walipoanza kutakiwa kutangaza kipimo chao mapema, ni majaribio 2 tu kati ya 25 yaliyoonyesha faida. Ni vigumu kuamini kwamba dawa ziliharibika ghafla. Linaloingia akilini zaidi ni kwamba mwanya wa kuchagua kipimo kizuri baada ya kazi kumalizika ulikuwa umezibwa.

Mkoa wa Arusha una kumbukumbu yake kuhusu hasara ya kukosa daftari. Mwaka 2011 umati mkubwa wa watu ulikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500. Waliosema wamepona walisikika redioni na kusomwa magazetini. Waliorudi nyumbani wakazidiwa hawakuwa na mahali pa kuandikwa. Kwa umati ule hakukuwa na orodha iliyoandaliwa kabla, ikionyesha nani alipimwa na kukutwa na ugonjwa gani, na hali yake ilikuwaje baada ya miezi 6. Mtu anaweza kuwa na imani yake, lakini ushuhuda wa waliofurahi peke yao haujumlishi hesabu.

Upo mfano mwingine wa hapa nchini, na huu ni wa kujivunia. Unahusu chandarua, ambacho kwa mkulima ni pembejeo kama jembe, kwani malaria inapomlaza mtu wiki ya kupalilia, shamba halimsubiri. Unaihusu Arusha pia: kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza hapa vyandarua vya Olyset vyenye dawa ya muda mrefu, na ajira nyingi za mji huu zimetokana na kazi hiyo.

Mbu walipoanza kuzoea dawa ya kawaida, ilitokea aina mpya iitwayo Olyset Plus, yenye kiungo cha PBO kinachopunguza uwezo wa mbu kuhimili dawa. Ilijaribiwa wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, katika jaribio lililoandikishwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi 9, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 29 kwenye maeneo ya chandarua kipya na asilimia 42 kwenye maeneo ya chandarua cha kawaida. Baada ya miezi 21 walikuwa asilimia 45 dhidi ya 62. Ulikuwa ushindi wa wazi.

Mfanyabiashara wa kawaida angeishia hapo na kuchapisha mabango. Watafiti wa NIMR Mwanza, wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC Moshi na wenzao wa London hawakuishia hapo. Walianzisha jaribio jingine wilayani Misungwi, mkoa wa Mwanza, kwa aina nne za vyandarua, Olyset Plus ikiwa mojawapo. Vyandarua viligawiwa mwaka 2019. Mpango wao uliandikishwa na kuchapishwa kabla ya matokeo, na ulisema wazi kwamba kipimo kikuu ni malaria kwa watoto baada ya miezi 24.

Mwaka wa kwanza chandarua cha PBO kilifanya vizuri. Mwaka wa pili hadithi ilibadilika. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2022, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Jacklin Mosha wa NIMR, ilionyesha kwamba baada ya miezi 24 watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwenye chandarua cha kawaida na asilimia 40.7 kwenye kile cha PBO, tofauti ambayo kitaalamu haikutosha kusemwa kwamba si bahati. Chandarua kilichoongezwa dawa ya chlorfenapyr ndicho kilichosimama, kwa asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kitumike.

Uzito wa tukio hili ni mkubwa. Kama miezi 24 isingeandikwa mapema, mtu mwenye bidhaa ya kuuza angeweza kuripoti miezi 12 na kutangaza ushindi, na asingekuwa amesema uongo. Familia za kando ya Ziwa Victoria zingelala mwaka mzima wa pili chini ya matumaini. Kilichozuia hilo ni tarehe na kipimo vilivyokuwa vimeshaandikwa mahali pa wazi. Na wanaofanya mapitio ya tafiti za vyandarua duniani wanaweza kuweka Muleba na Misungwi kwenye mizani moja, jema pamoja na baya.

Sasa turudi shambani. Nchi ina taasisi zinazokagua pembejeo. TOSCI hushughulikia ubora wa mbegu. Viuatilifu viko chini ya TPHPA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za TPRI pale Ngaramtoni. Orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa hutolewa kwa umma, na kila mwenye duka la pembejeo anapaswa kuijua. Lakini hiyo ni orodha ya bidhaa, siyo daftari la majaribio. Inamwambia mkulima kwamba dawa inaruhusiwa kuuzwa. Haimwambii ilijaribiwa mara ngapi, miteremko ipi, msimu gani, na mara ngapi ilishindwa.

Wakulima wa nyanya wanaufahamu uchungu wa pengo hilo. Mwaka 2014 mdudu waliyembatiza jina la Kantangaze alithibitishwa kuingia nchini, na alionekana kwanza kwenye mashamba ya Meru. Kila dawa ilikuja na msifiaji wake. Wapo waliochanganya dawa mbili tatu katika bomba moja, wakapuliza kila baada ya siku chache, na bado matenga yakarudi matupu. Kila aliyepuliza alikuwa anafanya jaribio kwa fedha yake mwenyewe, na aliposhindwa, elimu ile aliyoigharamia ilikufa naye pale shambani. Jirani yake alirudia kosa lile lile kwa bei ile ile.

Kinachotakiwa ni daftari moja la wazi la majaribio ya pembejeo. Kampuni, mradi au kituo cha utafiti kinachotaka kutumia neno "utafiti umethibitisha" katika tangazo kiwe kimeandikisha jaribio hilo kabla ya kupanda. Arusha inafaa kuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa TPHPA iko Ngaramtoni, kituo cha TARI kiko Selian na Kituo cha Mboga Duniani kiko Tengeru. Taasisi zote hizo zimelizunguka soko moja na mlima mmoja.

Watakuwepo watakaopinga. Wa kwanza watasema siri za biashara zitavuja. Hilo halina msingi, kwani daftari haliulizi kilichochanganywa kwenye dawa. Linauliza itajaribiwa wapi, dhidi ya nini na kwa kipimo kipi. Wa pili watasema mvua hukatika na mipango hubadilika. Ni kweli, na daftari huruhusu mabadiliko, mradi yaandikwe na yawekewe tarehe na sababu. Wa tatu watasema mkulima hasomi mambo ya intaneti. Huenda hasomi, lakini bwana shamba, kiongozi wa chama cha ushirika na mwandishi wa habari watasoma kwa niaba yake.

Wala isidhaniwe kwamba daftari ni mwarobaini. Watu wa tiba wenyewe bado wanahangaika. Uchunguzi wa Oxford uliochapishwa mwaka 2019 uliyatazama majaribio 67 kutoka majarida makubwa 5, na kukuta kwamba ni 9 tu yaliyoripoti vipimo vyote kama yalivyoahidi. Daftari lisilo na wa kulisoma ni karatasi tu. Lakini ubaya huo ulijulikana kwa sababu ahadi zilikuwa zimeandikwa. Mahali pasipo na ahadi, hata mvunja ahadi haonekani. Wachumi waliliona hilo, na Chama cha Wachumi cha Marekani kilifungua daftari lake la majaribio mwaka 2013.

Wakati serikali inalifikiria hilo, wakulima hawana haja ya kukaa wakisubiri. Kikundi cha watu 10 kinaweza kuanza msimu ujao kwa daftari la shule. Kabla ya kupanda, waandike: mbegu au dawa gani inajaribiwa, inalinganishwa na ipi, mashamba ya nani, kitakachopimwa ni nini, na siku ya kupima. Mwenyekiti na afisa ugani waweke sahihi, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Baada ya mavuno waandike matokeo ya mashamba yote 10, hata ya yule aliyepata hasara. Hasa ya yule aliyepata hasara.

Mwenye duka la pembejeo naye ajiwekee mazoea ya kumuuliza wakala maswali manne kabla ya kupokea mzigo: mlijaribu mashamba mangapi kwa jumla? Mlilinganisha na nini? Mlisema mtapima nini kabla ya kuanza? Nani aligharamia? Wakala mwenye bidhaa nzuri atafurahi kuulizwa. Anayekasirika amekwisha jibu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo utatimia tu pale mnunuzi atakapoweza kuona vyote viwili, kizuri na kibaya, vimeandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kabla ya hapo, anayeligharamia jaribio lililofichwa ni mkulima, na hulilipia kila msimu.